Kuchakata ni Neno la Korona

Mpwa wangu alinipigia simu jioni moja kutoka Dar es Salaam, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza: "Mjomba, nikitaka kumweleza babu kazi ninayoifanya, nitumie maneno gani?"

Kazi yenyewe ni hii. Zipo programu za kompyuta ambazo hazikokotoi namba peke yake. Zinashughulika na herufi pia, x na y, kama mwalimu anavyofanya ubaoni: zinarahisisha, zinagawanya, zinatafuta vigawo, na x inabaki x mpaka mwisho. Nyingi kati yake ni programu huria. SageMath ilianzishwa na William Stein mwaka 2005, na SymPy ilianzishwa mwaka huohuo na Ondřej Čertík. Maxima ni mjukuu wa programu iliyozaliwa katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960. Hata hapa jirani, Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, wanafunzi wamekuwa wakifanya mazoezi ya hisabati kwenye mfumo uitwao STACK, na anayepima majibu yao ndani ya mfumo huo ni Maxima. Programu ikiwa huria, yeyote anaweza kuisoma mpaka utumbo wake, kuirekebisha, na kuomba rekebisho lake lipokewe. Mpwa wangu alikuwa akiandaa mchango wa namna hiyo kwa maktaba moja huria ya hisabati: njia ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha polinomia mbili.

Babu anayemsema ni baba yangu, aliyezeekea kwenye korona ya Ngombezi, shamba la mkonge la Korogwe.

Mimi kazi yangu ni maneno, kwa hiyo swali lile lilinikaa. Nikaanza na lililo karibu, korona. Ngombezi mtu akikuambia anakwenda korona, huulizi. Ni mashine, na ni kiwanda kizima kinachoizunguka mashine hiyo. Neno lilikuja na Wajerumani: kampuni ya Krupp iliuza mtambo wa mkonge wenye jina la Corona, na watu wa mashambani wakalichukua jina la chapa wakalifanya jina la kitu, kama tunavyoita kiwi rangi yoyote ya viatu. Mkonge wenyewe pia ulikuja kwa meli. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kwa hiyo mmea ni mgeni na mashine ni ngeni, na jina la mashine nalo ni geni. Ugonjwa ulipoingia mwaka 2020 na jina lilelile, kwetu neno hilo lilikuwa limeshakuwa la Kiswahili tangu zama za babu zetu.

Lakini kitendo hakikukopwa. Majani yanaingia upande mmoja yakiwa yamelazwa sambamba. Ngoma zenye visu butu zinayapiga na kuyaponda, maji yanaosha, na upande wa pili zinatoka singa, ndefu, zinang'aa, tayari kwa kuanikwa. Kitendo hicho kinaitwa kuchakata. Naomba msomaji atulie hapo kwenye visu butu, maana ndipo maana ya neno ilipo. Kisu kikiwa kikali kitakata singa pamoja na nyama ya jani, na kazi yote itakuwa bure. Kuchakata ni kutenganisha kilichoshikamana bila kukiharibu kile unachokitaka.

Sasa fungua maandishi yoyote ya kompyuta ya Kiswahili. Utakutana na kichakataji, uchakataji wa data, kuchakata taarifa. Ni kitenzi kilekile. Mzee wa Ngombezi anakijua kwa mikono yake, kwa maji yanayochuruzika na harufu ya jani lililopondwa, na mhandisi wa Dar es Salaam anakitumia kila siku kazini. Tangu nilipoliona hilo nimekuwa na msimamo mmoja kuhusu istilahi. Jina la kitu likija na kitu chake, lipokee. Kitenzi kitafute nyumbani. Wakenya hutumia tarakilishi, wengine walijaribu ngamizi, na sisi tukabaki na kompyuta. Sioni hasara katika lolote kati ya hayo. Mwezi Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisini kwa Kiswahili. Waliofanya kazi ile walichangia maneno, na kwangu mchango wa maneno una uzito sawa na wa msimbo. Tazama menyu za programu za Kiswahili leo. Faili ni mgeni, lakini wanaoambatana naye ni hariri, hifadhi, futa, chapa, fungua. Mtu akijua afanye nini, jina la kitu atalizoea kwa wiki moja.

Ndiyo maana sigombani na neno algoriti. Wengine huandika algorithi, wengine algoridhimu. Yote yanatokana na jina la mtu, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad karne ya 9, na jina la mtu huwezi kulitafsiri. Lakini kitabu chake kina jambo ambalo kila nikilifikiria linanifurahisha upya. Jina la kitabu kwa Kiarabu ni al-Kitab al-mukhtasar fi hisab al-jabr wal-muqabala. Lisome polepole ukiwa Mswahili. Kitabu unacho. Mukhtasar ni muhtasari, ule unaosomwa mwanzoni mwa mkutano wa kijiji. Hisab ni hesabu. Muqabala ni mkabala: duka liko mkabala na stendi, yaani vinatazamana, kama pande mbili za mlinganyo zinavyotazamana na kupunguziana. Limebaki moja tu, al-jabr, na hilo ndilo lililozunguka Ulaya nzima likaturudia kama aljebra, limevaa suti. Maana yake ni kurudisha kilichovunjika mahali pake, na Waarabu walilitumia pia kwa kuunga mifupa. Hata ukoo wake tunao, maana jabari ametoka kwenye shina hilohilo. Katika maneno matano ya jina la kitabu kilichoipa dunia aljebra, manne yanatumika sokoni Korogwe bila mtu kujua kuwa anasoma jalada.

Nikayapanga maneno mengine niliyoyaona yatahitajika, na hapo nikakutana na namba.

Kwa mtoto wa shule namba ni namba. Ngombezi neno hilo lina kovu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi ya kuajiri vibarua, SILABU, ikawa inachukua watu mbali, Songea, Kigoma, Njombe, inawasafirisha mpaka mashamba ya Tanga kwa mkataba. Kila mmoja alipewa namba, akaitwa kwa namba hiyo, na kundi zima likaitwa manamba. Babu yangu mzaa baba alikuja hivyo kutoka Songea. Baba hulisema neno hilo kwa sauti ya chini mpaka leo. Nilimwonya mpwa wangu kwamba atakapomweleza babu yake kuwa programu ile "inashughulika na namba", azungumze taratibu.

Halafu ipo namba tasa. Kila mtoto wa shule ya msingi anaijua: 2, 3, 5, 7, 11, namba isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Waarabu huiita namba ya kwanza, awwali. Sisi tulichagua tasa, kwa kuwa tuliitazama tukaona haina vigawo ndani yake, kama tumbo lisilo na mtoto. Neno hili linaniuma. Nilikuwa na shangazi aliyeitwa tasa maisha yake yote, mbele yake na nyuma yake. Nyumba yake ya Ngombezi ililea watoto wa ndugu zake wote, mimi nikiwa mmoja wao. Alipofariki tulikuwa wengi kuliko waombolezaji wa mtu mwenye wana kumi. Namba tasa ziko hivyo. Zenyewe hazina kigawo, lakini hakuna namba kuanzia 2 kwenda juu isiyotokana nazo: 30 ni 2 mara 3 mara 5, na 250 ni 2 mara 5 mara 5 mara 5. Aliyeipa jina alitazama upande mmoja tu. Hata hivyo sitetei kulibadilisha. Limeshakaa vinywani mwa watoto vizazi kadhaa, na mimi sasa nikilisikia namkumbuka yeye, na hesabu inakuwa na sura ya mtu.

Namba shufwa na witiri hazina tabu hiyo. Anayeswali witiri baada ya isha anajua kwa nini rakaa zake hazigawiki kwa mbili.

Kigawo kikubwa cha shirika, KKS, naona ni tungo nzuri kuliko nyingi zilizotoka kwenye meza za wanaistilahi. Shirika ni kushiriki. Namba mbili zina vigawo vyake, na baadhi zinavimiliki kwa pamoja, kama wakulima wadogo wa mkonge wanavyomiliki mali kupitia AMCOS, chama chao cha ushirika. Mtoto wa darasa la saba analo neno hilo tayari. Kisha Januari anaingia kidato cha kwanza, somo linageuka Kiingereza, na KKS, kipeo, kipeuo, mlinganyo, kiasi na asili, vyote vinabaki nje ya mlango kama viatu. Hapo ndipo aljebra yenyewe inapoanza kukolea. Kijana anajifunza mambo makubwa kwa maneno asiyoyaotea ndoto, na yale madogo aliyoyaelewa vizuri hayapati nafasi ya kukua. Hili linanisikitisha kuliko upungufu wowote wa msamiati, kwa sababu msamiati tunao, umekatishwa njiani.

Desemba mpwa wangu alikuja nyumbani. Tuliketi barazani, milima ya Usambara ikiwa na ukungu kwa mbali. Akampa babu yake shikamoo, akaitikiwa marahaba, chai ikaja, na baada ya chai akatoa karatasi na kalamu.

Alianza na vitu anavyovijua mzee. Robota la mkonge lina kilo ngapi? Kilo 250. Fungu la majani lina majani mangapi? Thelathini. Akaandika 250 na 30, akasema anatafuta KKS ya namba hizo. Gawanya 250 kwa 30: mara 8, baki 10. Sasa chukua ile 30 uigawe kwa baki lenyewe: mara 3, baki sifuri. Baki la mwisho kabla ya sifuri ni 10, na hilo ndilo jibu. Njia hii imo katika kitabu cha Euclid, karibu miaka 300 kabla ya Kristo, na kompyuta zinaitumia mpaka leo. Baba akaifuatisha kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Neno algoriti lilikuwa halijatamkwa, na kitu chenyewe alikuwa nacho mkononi.

Kisha akaandika mfano ambao Donald Knuth anautumia katika juzuu ya pili ya The Art of Computer Programming:

x⁸ + x⁶ − 3x⁴ − 3x³ + 8x² + 2x − 5

3x⁶ + 5x⁴ − 4x² − 9x + 21

Akaeleza kuwa kazi ni ileile: gawanya ya kwanza kwa ya pili, chukua baki, gawanya tena. Kipeo kikubwa kinashuka kila hatua, 8, 6, 4, na kuendelea. Mimi hapo nilitia neno langu: daraja. Mkonge una madaraja yake ya ubora, ngazi ina madaraja yake, na polinomia nayo ina daraja lake, ambalo ni kipeo chake kikubwa. Waarabu nao hutumia neno hilihili kwa maana hiyohiyo. Baba hakuhitaji maelezo zaidi.

Shida ni sehemu. Ukigawanya 1 kwa 3 unapata theluthi, halafu theluthi za theluthi, na kompyuta inaelemewa. Dawa ya kwanza ni kuzidisha kabla ya kugawanya: hapa anazidisha kwa 27, na baki linatoka safi, −15x⁴ + 3x² − 9. Hatua inayofuata inatoa 15,795x² + 30,375x − 59,535. Inayofuata ina namba za tarakimu kumi na sita. Ya mwisho haina x hata moja. Ni namba tupu, na mpwa wangu aliiandika kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi wa pili:

12593338795500743100931141992187500

Tarakimu 35. Na maana yake yote ni kwamba polinomia zile mbili hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1.

Baba aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Akarudi juu, kwenye −15x⁴ + 3x² − 9, akaweka kidole kwenye 15, kwenye 3, kwenye 9. "Hizi zote zina tatu ndani," akasema. "Umepitisha jani hujalichakata. Hapo umekata tu, nyama umeiacha, na unairudisha ndani ya mashine."

Mpwa wangu alinyamaza. Ndiyo hasa kasoro ya njia ile. Ukiondoa 3 katika hatua hiyo unabaki na −5x⁴ + x² − 3. Ukifanya hivyo kila mara, hatua zinazofuata ni 13x² + 25x − 49, halafu 4,663x − 6,150, halafu 1. Zile tarakimu 35 hazionekani tena. Kitabuni, kinachobaki baada ya kuondoa kigawo cha shirika cha namba zote za polinomia kina jina la Kiingereza. Nikamuuliza baba: kinachobaki akiondoa hiyo tatu tukiiteje? Akajibu kana kwamba nimemuuliza jina la mlango. "Singa."

Nililiandika palepale. Singa ya polinomia. Nimelitafutia kasoro miezi kadhaa na sijaiona. Ni fupi, linaingia katika ngeli bila ugomvi, na linabeba kitenzi chake mgongoni: huwezi kuwa na singa bila kuchakata.

Mchango wa mpwa wangu wenyewe ulikuwa mbele hatua moja. Kutafuta kigawo cha shirika cha namba kubwa kila hatua nako kuna gharama yake. Mwaka 1967 George Collins alionyesha kuwa ipo namba unayoweza kuijua mapema, kutokana na hatua zilizotangulia, ambayo hakika inagawa baki lote bila kubakiza kitu. Unaitumia hiyo, huhangaiki kutafuta. Singa haitoki safi kabisa, lakini inatoka haraka, na katika mfano huu namba ya mwisho ni 260,708, tarakimu sita tu. Baba aliona ni jambo la busara. Singa nayo haipigwi brashi papo hapo, alisema. Unaianika kwanza.

Maneno ya kuchangia yalipita haraka, maana mengi tulikuwa nayo. Mchango kila mtu anaujua, wa harusi, wa msiba, wa darasa la shule. Rekebisho dogo la msimbo ni kiraka, na mpira wetu umeshalipa neno hilo heshima kwa kumwita mchezaji anayeweza kuziba nafasi yoyote mchezaji kiraka. Nakala unayoifanyia kazi pembeni ni tawi, na mzee aliyekulia katika siasa za shina na tawi halimpi shida. Wanaousoma mchango wako mstari kwa mstari kabla ya kuupokea wanauhakiki. Nafurahi kwamba uhakiki, tulioujua kwenye riwaya na tamthiliya, una hakika ndani yake. Kilichonisumbua ni ombi lenyewe la kupokewa. Nimeona wengine wakiandika ombi la kuvuta, na sijui nani anavuta nini. Mpwa wangu alisema yeye na wenzake husema tu kwamba wamepiga hodi. Sina la kuongeza hapo. Unasimama nje na tawi lako, unapiga hodi, na wenye nyumba ama watakuambia karibu, ama watatoka kukuuliza.

Yeye walimuuliza. Mhakiki mmoja alitaka kujua njia yake inafanya nini polinomia zote mbili zikiwa sifuri, na ilibidi aongeze jaribio kwa ajili hiyo. Alilieleza hilo akiwa amechoka kidogo. Baba akasema korona nayo huwashwa tupu asubuhi, kabla ya jani la kwanza, usikie inavyozunguka.

Jua lilikuwa limeshashuka. Mpwa wangu alikunja karatasi, mzee akamwomba aiache. Kisha akauliza jambo ambalo mtu wa korona lazima aliulize, kwa kuwa katika kila jani linaloingia singa ni asilimia chache tu na mengine yote ni tope la kijani: "Na hayo mabaki mnayatupa wapi?"

"Hatuyatupi, babu," akasema mjukuu. "Baki la hatua hii ndilo linalogawa hatua inayofuata."

Baba akaifungua tena karatasi, akaitafuta ile 10 chini ya 30.